Walivyoipaka Besi Yangu Rangi

Waislamu wenzangu, amani iwe kwenu. Wakristo, amani hiyohiyo, msiigombanie, inatosha wote. Na nyie mliokuja kufuata pilau la mwisho wa mkutano, nawaona, kaeni tu.

Ndugu zangu wa kufa na kuzikana, mie nilipangiwa leo kushuhudia namna nilivyoachana na gongo. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Lakini nimeingia hapa nikaliona lile kopo la rangi nyeupe chini ya meza ya katibu, brashi juu yake, nikaambiwa kwamba tukimaliza, kila chombo kilichomo stoo yetu kinapigwa herufi za chama chetu cha kuzikana. Masufuria, mapipa, majamvi, yote, ati visipotee. Damu imenipanda. Mwenyekiti, usiwe na wasiwasi, ushuhuda wa gongo utakuja, lakini itabidi upitie kwenye rangi. Hauna njia nyingine.

Mie ni mtu wa kusini. Shule nilikaa mpaka darasa la pili, mwalimu akahama, na mie nikahama. Nilifika Dar wakati watu wanajiandaa kwa Uhuru, nikapanga chumba Kinondoni. Jirani yangu alikuwa karani mmoja wa kutoka bara, ana nyumba ya matofali, ana gramafoni, na ana uchoyo. Akiweka santuri anafunga madirisha. Basi mie nakwenda uchochoroni, naegemeza mgongo ukutani, nasikiliza. Sasa nawaambieni kitu ambacho hamkijui: ukuta haupitishi kila kitu. Mwimbaji anabaki ndani. Gitaa la solo linabaki ndani. Kinachotoka ni besi peke yake, unaisikia kwa mgongo, du, du-du, du. Nilijua nyimbo nyingi za karani yule na maneno yake sikuyajua hata moja.

Ndiyo maana mpaka leo nalipenda rumba la polepole, lile ambalo besi inatembea kama mtu mzima mwenye kanzu anavuka dimbwi. Chacha pia naipenda. Mpiga besi anayekimbiakimbia simtaki, anakimbia nini, nani anamfukuza? Na wale mnaosemaga besi haisikiki, siku moja mwambieni mpigaji anyamaze katikati ya wimbo. Wachezaji wote watasimama kama wameambiwa nyumba inaungua.

Tuendelee. Nikapata kazi ya kupakia marobota kwenye kiwanda kimoja cha nguo upande wa Temeke, jina silitaji. Kiwanda kilikuwa na bendi, maana siku hizo kila shirika lilikuwa na bendi yake. Vyombo vilikuwa vya kiwanda. Mpigaji ni mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine, akiacha kazi anaondoka na mikono yake tu. Huo ulikuwa utaratibu na wote tuliujua. Sasa besi ya kiwanda ilianguka ikavunjika shingo, na mpya haikupatikana, nchi haina fedha za kigeni. Bendi ikawa inapiga bila besi. Nyie! Muziki ulikuwa kama uji usio na unga.

Mie besi nilikuwa naijua kwa mgongo, nikasema nitaipiga, chombo nitakitengeneza mwenyewe. Nikamwendea jirani yangu mwingine, fundi wa vinyago, mtu wa kwetu.

"Unataka kinyago au gitaa?" akaniuliza.

"Gitaa."

"Mie gitaa sijawahi kuchonga."

"Na mie sijawahi kutengeneza."

"Basi hatutagombana."

Tukatafuta mninga mkavu. Nyuzi tukafanya kwa waya za breki za baiskeli, ule mnene kabisa ulikuwa waya wa klachi ya pikipiki, tukauzungushia shaba kwa mkono mpaka vidole vikatoa damu. Mahali pa kunasa sauti tukaweka sikio la simu bovu. Na fundi, kichwani kule juu, ukishapita funguo za kukazia nyuzi, akachonga uso wa bibi mwenye ndonya, kile kipande cha mti wanachovaa mdomoni bibi zetu wa kusini. Nikamwambia, we bwana, hilo nalo la nini? Akasema, "Kitu kisicho na uso hakijui kwao."

Jumapili ya kwanza ya bugi, lile dansi la mchana, nilipoigusa besi ile nyuzi ya chini, vikombe vya kantini vililia kabatini. Watu walipiga kelele! Mabinti wa kusokota nyuzi walivua viatu. Tulipofika kwenye chemko, pale wimbo unapochanganya na waimbaji wananyamaza, hapakuwa na mtu amekaa, hata mlinzi aliacha lango.

Sasa sikilizeni kwa makini. Ikaja sikukuu ya wafanyakazi. Wakubwa wamejaa jukwaani. Akasimama kiongozi wetu wa mambo ya burudani, ambaye sie tulimwitaga Bwana Utamaduni, akasema kwenye kipaza sauti: "Ndugu huyu ameonyesha kujitegemea kwa vitendo! Chombo hiki kimetengenezwa na mikono ya mfanyakazi!" Makofi. Kisha akaita rangi. Wakaandika herufi za kiwanda kwenye tumbo la besi yangu, nyeupe, kubwa, kama zile za kwenye ngoma na spika. Na mie nilifanya nini? Nilidhani ni nishani, ndugu zangu! Nilijiona nimeingia kwenye taifa. Yule wa kupaka rangi alikosa pa kuweka kopo, nikamshikia mie. Nililishika kopo kwa mikono miwili, natabasamu, mke wangu ananiona, besi yangu inachukuliwa mbele ya macho yangu na watu wanapiga makofi.

Hazikupita siku nyingi, Bwana Utamaduni akapata shemeji. Shemeji anataka kupiga besi. Nikaitwa ofisini.

"Ndugu, kuanzia Jumapili hii utapumzika."

"Sijachoka."

"Utapumzika."

"Basi nichukue besi yangu nikapumzike nayo."

Akacheka, akaelekeza kidole kwenye besi pale kona, kwenye herufi. "Besi yako? Soma pale."

"Kusoma kwangu ni kwa shida, mzee, lakini besi yangu naijua."

"Chombo hicho ni cha umma."

"Umma ulichonga lini? Tulikuwa wawili, mie na fundi."

"Huo ndio ubinafsi tunaoupiga vita!"

Mbinafsi! Mie! Mie niliyelala chumba kimoja na mke na watoto na mkaa, niliyetoa chombo changu watu wacheze bure, niitwe mbinafsi na mtu aliyepakia mashemeji kwenye gari la kiwanda kwenda kuogelea Msasani! Ndugu zangu, mie Ujamaa sikuuchukia, na sitaki mtu anitie maneno mdomoni. Nilijitolea kuchimba mitaro, nilijitolea kupanda mihogo. Kutoa naweza. Lakini kutoa ni mkono wangu unyooke. Mkono wako ukiingia kwangu, hilo lina jina lingine, hata ukiliimbia nyimbo.

Jumapili nikaenda. Sikuingia. Nikazunguka nyuma ya kantini, nikaegemeza mgongo ukutani, kama zamani kwa karani. Ikatoka besi peke yake, besi yangu, na yule shemeji anaipiga kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo yake. Anachelewa, anaruka, anarudi. Nilijikuta vidole vyangu vinambonyezea ukutani pale alipopaswa kwenda. Haendi! Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye mtambo wa gongo, na sikutoka huko kwa muda mrefu.

Msinihurumie sana, nilikuwa mlevi mbaya. Nililewa mpaka nikalala kwenye marobota, kiwanda kikanifukuza, na hapo walikuwa na haki, nasema kweli. Mke wangu akaanza kukaanga vitumbua na kuviuza palepale langoni pa kiwanda. Radio ya nyumbani niliivunja kwa mchi kwa sababu iliweka muziki. Watoto wakipiga debe kama ngoma uani, naondoka. Mtu aliyeishi kwa kusikiliza, nikawa sitaki kusikia.

Siku moja mke wangu akarudi na kapu la vitumbua, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kanga, akakiweka mezani. Ulikuwa uso wa bibi. Umekatwa kwa msumeno shingoni.

Mama mfagiaji wa kantini ndiye aliyeuokota kwenye takataka akampa. Kulikuja wageni kiwandani, Bwana Utamaduni akaona uso wenye ndonya ni ushamba, utawatia aibu. Akaamuru ukatwe. Besi wakaiacha na herufi zao.

Niliinuka nikachukua panga. Kweli kabisa. Mke wangu akasimama mlangoni. Yeye ni mtu wa Kimbiji, mfupi, lakini akisimama mlangoni mlango umekwisha.

"Wenda wapi?"

"Nipishe."

"Ukamkate umma? Umma una shingo ngapi?" Akaninyang'anya panga, na mlevi hana nguvu. Akasema, "Ijumaa kuna harusi kwetu. Dada zangu wa kidumbaki hawana mpiga sanduku, kashikwa na homa. Utapiga wewe."

Kwa msiolijua, sanduku ni boksi la chai linalopinduliwa juu chini, lina kijiti kirefu na nyuzi moja. Unakivuta kijiti, unaichapa nyuzi, ndiyo besi ya kidumbaki, muziki wa akina mama harusini.

Nikamwambia, "Mie niliyepiga kwenye spika nikapige boksi la chai?"

"Hilo spika liko wapi sasa?"

Nikaenda kwenye mazoezi. Kiongozi wa kina mama wale akanisogelea, akanusa, akarudi nyuma. "Shemeji, sie hatukai na mtu ananuka mtambo. Tuna pua. Ukaoge, na Ijumaa uje mkavu, ama usije."

Nikaona haya, ndugu zangu, haya ambayo Bwana Utamaduni hakuwahi kunitia. Nikakaa mkavu mpaka Ijumaa, natetemeka kama mwenye malaria. Fundi wa vinyago akaja, akauchukua uso wa bibi, akautoboa chini, akaupachika juu ya kijiti cha sanduku. Akaujaribu, ukakaa.

Kimbiji pale, uani, chini ya turubai, nikakikalia kigoda, nikaivuta ile nyuzi moja. Du. Nikaisikia kifuani. Du-du. Ngoma ndogo zikaingia, kina mama wakaitikia, na kila nilipovuta kijiti, bibi naye anainama, nikiachia anainuka. Shangazi mmoja mzee akapiga kigelegele, akasema, "Jamani, anayepiga si huyu bwana, ni huyo bibi!" Wakacheka, na mie nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu ile siku ya kopo. Machozi yalinitoka nikasingizia moshi wa jikoni.

Wiki iliyofuata kukawa na harusi Mtoni. Kisha Tandale. Harusi haziishi mji huu, na kila harusi lazima nije mkavu, kiongozi ananinusa kwanza kabla sijaketi. Ndivyo nilivyoacha gongo. Sikuwa na ujasiri wowote. Nilinuswa.

Bwana Utamaduni akaja kutuma mtu: shemeji kashindwa, nirudi kwenye bendi. Nikamjibu, leteni besi kwanza, fundi aikwangue rangi, amrudishe bibi mahali pake, nitakuja hata bure. Jibu likarudi: mali ya umma haikwanguliwi. Basi. Bendi ikafa, besi sijui ilikofia. Labda iko stoo fulani, waya zimeshika kutu, haina kichwa.

Nimeambiwa ushuhuda mzuri unamalizikia kwenye msamaha. Mie bado. Sheikh ameniomba, mchungaji ameniomba, nimewaambia nalifanyia kazi. Ninachoweza leo ni kushukuru. Namshukuru fundi, Mungu amrehemu, sie wa chama hiki ndio tuliomzika. Namshukuru mama mfagiaji, asiyeuacha uso wa mtu kwenye takataka. Nawashukuru kina mama wa kidumbaki na pua zao. Na huyu aliyekaa pale na mtandio wa kijani, anayejifanya hanisikii, yeye najua mwenyewe namna ya kumshukuru.

Sasa tuje kwenye kopo.

Katibu, vitu vya chama pakeni rangi, hata mara mbili, sina neno. Lakini stoo ile ina sufuria kubwa la mjane wetu mmoja, ambalo alipewa na mama yake. Tunaliazima kila msiba, likabaki humo kwa sababu ni zito kubeba. Wote mnalijua. Na brashi hii imeletwa na nani? Na mjane mwenyewe! Nimemwona asubuhi, ameishika, anatabasamu, anaona anaheshimiwa. Tabasamu lile nalijua. Nililivaa mie.

Ndugu zangu, nawaambia, mtu akikusifu, mwangalie usoni, halafu mwangalie mkononi ameshika nini.

Mama, inuka, kalichukue sufuria lako. Vijana wamsaidie mpaka nyumbani. Tukifiwa tutakuja kupiga hodi kwako, tutaliazima, tutalirudisha limesuguliwa kwa mchanga. Katibu, funika kopo.

Mwenyekiti ananionyesha kiti. Asante, nimekiona. Siketi mpaka nilione sufuria limetoka.