Bahasha ya Damas Sila Matonya

Ndugu waombolezaji, mliotoka Dodoma mjini na mliotembea kwa miguu kutoka vijiji vya jirani, familia imemteua Silvano, mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake Anastazia, asimame mbele yenu asome historia hii, naye anaomba msimlaumu kwa urefu wake wala kwa ukweli wake, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza, akiwa kitandani na akili zake timamu, kwamba safari hii hakuna kuandika "aliugua kwa muda mfupi". Maneno hayo aliyaandika yeye kwa mkono wake katika historia ya baba yake, akayaandika tena katika historia ya shangazi yake, kisha ya dada yake, maana ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko sisi wote, na kila alipomaliza kuyasoma alirudi nyumbani akiwa na hasira na nafsi yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na ukoo huu kifo kimetuumbua mara nyingi mno, basi leo tuseme wenyewe kwa vinywa vyetu.

Damas Sila Matonya alizaliwa tarehe 14 Machi 1950, hapa hapa kijijini, mwendo wa saa mbili kutoka Mvumi, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Sila Matonya, mkulima wa mtama na mfugaji. Alianza shule ya msingi Mvumi mwaka 1958, akamaliza darasa la nane mwaka 1965, akasoma sekondari mjini Dodoma hadi kidato cha nne mwaka 1969, na mwaka 1970 akachaguliwa kwenda kusomea kazi ya maabara, akahitimu mwaka 1972.

Alipokuwa bado shuleni ndipo baba yake alipoanza kurukwarukwa na mikono, kisha mabega, kisha miguu, akawa anatembea kama mtu anayecheza ngoma asiyoisikia mwingine, akiinua kikombe cha uji nusu inabaki kifuani. Watu walisema Mzee Sila amekuwa mlevi, na wazee wa kanisa wa mtaa wakamtenga na meza ya Bwana mwaka mzima, mtu ambaye hakuwahi hata kuonja pombe! Mliokuwepo mnajua, na baadhi yenu mliokuwepo mmekaa pale mbele. Baadaye ilipotea na akili yake, akawa anamwita Damas kwa jina la ng'ombe, akafariki tarehe 2 Juni 1979, nasi tukasomewa hapa kwamba aliugua kwa muda mfupi, mtu aliyeugua miaka kumi na moja.

Marehemu aliajiriwa mwaka 1972 katika maabara ya hospitali ya misheni, akafanya kazi kwa uaminifu, akiangalia makohozi, choo na damu za watu wa mkoa huu bila kumtangaza mtu, hadi tarehe 30 Juni 1996 alipopunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi wa wakati ule. Hakukaa kulalamika, akahamia Kikuyu, mjini, akaingia katika maabara binafsi, maana siku hizo zilikuwa zimeruhusiwa na zilichipuka kila mtaa, akafanya kazi humo mpaka maradhi yalipomlaza.

Tunafika kwenye ndoa, na hapa ndipo msomaji aliambiwa na wazee apite haraka, lakini hatapita haraka. Kwa mujibu wa vyeti marehemu hakuoa. Mwaka 1981 alifahamiana na muuguzi wa hospitali ile ile, Bi Edina Chilongani, mzaliwa wa Kongwa, ambaye mnamwona amekaa kwenye mkeka, wakapendana mbele ya macho ya watu wote, hata wagonjwa wakawa wanawatania wodini. Mwaka 1983 wazee wetu walishajiandaa kupeleka posa Kongwa, na mbuzi walishachaguliwa, ndipo Damas akawazuia, akamchukua Edina pembeni akamweleza alichokisoma katika kitabu cha daktari mmoja, kwamba ugonjwa wa baba yake ni wa ubongo, unarithiwa, kila mtoto wa mgonjwa ana nusu kwa nusu, sawa na kurusha shilingi, na unajificha mwilini mpaka mtu anapofika miaka arobaini hivi, akiwa ameshazaa. Alisema hataki kumwachia mwanamke mgonjwa wa kulisha kwa kijiko na watoto wa kuwahofia, akaomba wasubiri mpaka ajue. Edina alimjibu kwamba hata shilingi ikiwa hewani watu hawaachi kula, lakini alisubiri. Waliokuwa wakimtuliza kwa kumwambia subira yavuta heri, aliwaambia heri hiyo basi ni nzito, maana yeye amevuta mpaka viganja vimechubuka.

Hivyo waliishi. Kule misheni, na baadaye walipohamia mjini, alipanga nyumba ya tatu kutoka kwa Edina, Jumapili wakienda kanisani pamoja na kurudi pamoja, akimfikisha mlangoni, akimpa mkono, akienda zake. Silvano amelelewa kati ya milango hiyo miwili, na anakumbuka jinsi mjomba alivyokuwa akibaki amesimama njiani baada ya mlango wa Bi Edina kufungwa, akiutazama tu, mpaka mtoto anamvuta shati. Alimtamani, ndugu zangu, tuseme lilivyo, alimtamani mwanamke huyu kila siku ya Mungu kwa miaka ishirini.

Mwaka 1994, mwezi wa Septemba, walikuja watafiti kutoka nje, wakiongozana na Dk. Halfani, kijana wa Dodoma mjini, ambaye yupo kati yetu, wakasema sasa kuna kipimo cha damu kinachoweza kusoma urithi wa mtu na kutambua ugonjwa huu kabla haujaanza. Ukoo ulikataa. Walisema hawa ni mumiani, damu inakwenda kuuzwa, na bibi mmoja akajifungia ndani ya zizi la ndama. Damas ndiye aliyewageuza, akapita nyumba kwa nyumba na sindano zake mwenyewe, akawaambia kama ni mumiani basi mumiani ni mimi, na watu thelathini na saba wakampa mkono, wengine wakitia dole gumba kwenye karatasi za Kiingereza ambazo hata yeye hakuzielewa zote. Aliwaahidi kila mmoja kwa jina lake kwamba majibu yatarudi, kisha akatoa na damu yake, ya thelathini na nane.

Damu iliondoka ndani ya masanduku ya barafu, na majibu hayakurudi. Aliandika barua kumi na moja. Mwaka 1997 akajibiwa kwamba utafiti umekamilika vizuri na umesaidia sana sayansi, ila taratibu zao haziruhusu kumpa majibu mtu asiye na mshauri aliyefunzwa karibu naye, na kwa kuwa kwetu mshauri huyo hayupo, basi majibu yabaki huko huko. Lo! Mtu achukuliwe damu bila mshauri, ila kuambiwa iliyomo ndani yake ndiyo ahitaji mshauri! Siku ile Damas, mtu mpole, aliipiga meza ngumi, akasema, "Ubongo wangu wanaujua watu ambao jina langu hawawezi kulitamka."

Dk. Halfani hakumwacha. Alikwenda kusomea ushauri huo kwa gharama zake, akawaandikia, akawasumbua, na tarehe 9 Februari 1999 akaleta bahasha thelathini na nane zilizofungwa, akazikabidhi kwa Damas, naye akazifungia katika kabati la chuma. Wa kwanza kufungua alikuwa binti mmoja wa ukoo, tusimtaje, akasoma akiwa na shoga yake, shoga akasema sokoni, na wiki hiyo hiyo wakwe wakarudisha maneno kwamba posa imevunjika. Kuanzia hapo ilikuwa sheria, mtu aje peke yake, akae na daktari, asome, au asisome, aseme bado, arudi nyumbani na heshima yake. Ishirini na sita wamesoma. Wengine walitoka wakiruka kama ndama, wengine walitoka kimya, na Anastazia, mama yake msomaji, alisoma akiwa ameshaanza kurukwarukwa, akasema walau sasa hawataniita mlevi. Alifariki tarehe 21 Oktoba 2001.

Zilibaki kumi na mbili, na mmoja wa waliosema bado alikuwa Damas mwenyewe. Bi Edina alitegemea kwamba jioni ile ile ya Februari atabishiwa hodi, akapika, akavaa gauni jipya, akakaa. Hakuja. Alikuja siku ya tatu, akakiri jambo ambalo ameruhusu lisomwe hapa, kwamba jibu baya alishalizoea miaka mingi, analoliogopa ni jibu zuri, kwa sababu kama ni mzima basi amemnyima Edina mume na watoto kwa ajili ya hofu tupu, na hajui atasimama wapi mbele yake. Edina alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alimwambia tuoane bila kufungua, hata kesho, mbele ya padri au mbele ya bwana shauri wa wilaya, yeye hajali. Damas akasema ngoja kidogo. Ee mjomba, hata leo Silvano angekuvuta shati, ungeliona lile gauni!

Kuhusu watoto, marehemu hakuzaa, ameacha mpwa mmoja.

Maradhi yake yalianza Novemba 2002, yakaonekana kuwa ni saratani ya ini, akatibiwa hospitali ya mkoa. Miezi ya mwisho mkono wake wa kushoto ulianza kutetemeka, wengine wakanong'ona ndiyo huo umeanza, wengine wakasema ni dawa, na Dk. Halfani akamuuliza kama angependa bahasha ifunguliwe ili watu wanyamaze, akakataa kwa kichwa. Alifariki Jumapili, tarehe 17 Agosti 2003, saa nne asubuhi, Bi Edina akiwa amemshika mkono huo huo.

Juzi kikao cha ukoo kilikaa kuhusu bahasha hiyo. Wapo waliosema ni mali ya ukoo, kwa kuwa damu ni ya ukoo, wapo waliosema ni ya daktari, na mzee wetu mmoja akauliza, jamani, mume akifa vyake vinashikwa na nani? Ndipo mkeka wa mjane ukatandikwa, na Bi Edina akakalishwa juu yake, ingawa hana cheti wala pete, akakabidhiwa bahasha. Aliigeuza mara mbili, hakuifungua, akasema, "Miaka ishirini nilimwomba yeye. Karatasi sikuomba." Jeneza litakapofunguliwa kwa mara ya mwisho ataiweka mwenyewe kifuani pa marehemu, na wale kumi wengine wenye bahasha zao, Dk. Halfani anazo, mfuateni mmoja mmoja mtakapokuwa tayari, hakuna atakayewauliza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa maabara, majirani wa Kikuyu, Waislamu kwa Wakristo, mliokesha nasi na kutuletea kuni, maji na unga, na wazee wa mtaa, hata wale wa zamani, tumeshasameheana.

Shukrani ya mwisho ni kwa Brightness, binti wa watu wa Msalato, uliyekuja leo na wazazi wako ukakaa nyuma kabisa, ambaye Silvano amekuambia ngoja kwa mwaka wa pili sasa. Bahasha yake ni ya kumi na mbili, bado imefungwa, na wazazi wako wameelezwa yote jana. Arobaini ikiisha wazee wetu wanakuja kwenu na posa, ukitaka tuifungue tutaifungua pamoja, usipotaka tutaiacha, ila hutaambiwa tena ngoja.

Mjomba Damas, umechoka, upumzike kwa amani. Bi Edina, mama, inuka, wanafungua jeneza.