Nani Aliosha Sahani?

Asubuhi kwenye treni, mhadhiri aliyeketi mbele yangu alikuwa akimalizia bakuli la chakula alilotoka nalo nyumbani, huku akimsimulia jirani yake wa kiti, mama muosha vyombo wa hotelini, riwaya moja ya zamani. "Mama, tajiri wa kiwanda anafanya karamu kumi na moja humu, na hakuna anayeosha hata sahani moja! Wafanyakazi wamefutwa kwenye hadithi. Huo ndio ubepari." "Sasa nani aliziosha?" "Hilo ndilo swali langu! Ninaliandikia kitabu, mwaka wa saba huu." "Miaka saba, mwanangu? Mimi ningekuwa nimeshazimaliza." Nikakohoa nisicheke. Mama akaendelea: "Na hilo bakuli lako analiosha nani?" "Mke wangu." "Umemwandika humo kitabuni?"

Treni ikasimama. Mtetezi wa wanyonge akashuka mbio, bakuli chafu akamwachia mama kitini.