Mabega Manane ya San Rocco

Benchi la Tina si benchi la maana. Ni ubao uliotupwa na kanisa baada ya mchwa kuushiba, Tina akauegemeza kwenye ukuta wa mgahawa wake, na tangu siku hiyo wazee wa Petralonga, kusini mwa Italia, hawana pengine pa kukaa. Ukitaka kujua Ulaya inakwenda wapi usiende kuuliza serikalini, njoo hapa saa tatu asubuhi kabla jua la Agosti halijachachamaa. Asubuhi hiyo, mkesha wa sikukuu ya San Rocco, mtakatifu wa mji, wazee wanne walikuwa wameshashusha vikombe viwiliviwili vya kahawa na walikuwa hawajakubaliana hata kama kuna joto. Cosimo, mshika ufunguo wa kanisa, ndiye peke yake aliyekuwa na shida ya kweli. Mkewe Assunta hajatoka kitandani tangu Pasaka. Jana yake alimwomba jambo moja tu: San Rocco apite chini ya dirisha lake kama apitavyo miaka yote. Shuka la harusi limeshatandazwa kwenye roshani kumlaki. Lakini sanamu yake hubebwa begani, nayo inataka mabega manane, na vijana wote wameishia Milano na Ujerumani. Padri naye kakata maneno: wasipotimia leo, mtakatifu atapakiwa kwenye bajaji la mizigo la muuza matikiti. Na kichochoro cha Assunta ni ngazi tupu, bajaji haliingii.

Cosimo: Mabega manne yapo hapa, mabovumabovu hivyohivyo. Bado manne. Jamani, si wapo wale vijana wa Kialbania wanaopaka rangi mnara wa kanisa?

Kaisari: Ishia hapohapo!

Huyo ni Saverio, askari wa barabarani mstaafu na katibu wa chama cha wabebaji wa San Rocco. Walimwita Kaisari kwa sababu kwake yeye kila kitu kilianzia Roma, hata mvua.

Kaisari: Kanuni ya chama inasema mbebaji awe damu ya hapa. Hatuwezi kuchukua ustaarabu wa Ulaya mzima tukawatwika watu wa kuja.

Komredi: Ustaarabu gani, bwana wewe? Sanamu ya mbao na mbwa wake!

Gaetano huyo, wa chama cha wafanyakazi wa reli. Mungu hamwamini, lakini San Rocco humbeba kila mwaka, maana anasema Mungu ni wa matajiri ila Rocco ni wa mtaani.

Kaisari: Roma ndiyo iliyokufunza hata kunawa. Sheria, Roma. Mitaro, Roma. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndiyo maana Warumi wakajenga barabara, guu lisivunjike.

Profesa: Umechemka, kaka. Umechemka vibaya.

Nunzio alikuwa mpeleka barua. Miaka yote alisoma magazeti ya watu njiani kabla hajayafikisha, elimu ikamwingia hivyo, wakampa uprofesa bila sherehe.

Profesa: Mrumi kaiba yote kwa Mgiriki. Falsafa, kura, maigizo, hata jibini. Hizo nguzo za kanisa lenu mnadhani zimetoka wapi? Kwenye hekalu la Wagiriki! Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, na Wagiriki wakapanda jahazi wakaja huku.

Komredi: Sasa kama walipanda jahazi, si ndio walikataa kwao?

Profesa: Usinivuruge.

Cosimo: Tumsikie basi na Kristo kidogo. Bila watawa kunakili vitabu, hao Wagiriki wako ungewasomea wapi? Lakini hayo tuyaache, tuzungumze mabega.

Komredi: Kristo mwenyewe wa Bethlehemu, siyo wa Napoli. Nisikilizeni mimi. Ulaya ilizaliwa siku mfalme alipokatwa kichwa kule Paris. Kabla ya hapo tulikuwa mifugo tu.

Kaisari: Na guillotine, hiyo mashine ya kukatia vichwa, ilibuniwa na nani? Mrumi!

Komredi: Hiyo kamba, Saverio! Hiyo kamba ya kufungia meli!

Tina alipita akakusanya vikombe, akawaambia wapunguze sauti, kuna watu wagonjwa mtaani. Alimtazama Cosimo aliposema hivyo. Cosimo aliinamisha macho. Alitamani kupiga kelele, ila kelele zilikuwa zimeshajaa.

Profesa: Nyie hamjui hata jina lenyewe la Ulaya, Europa, limetoka wapi. Europa alikuwa binti wa Foinike, kule Lebanoni. Kakaa zake ufukweni, ng'ombe dume akamwinamia, binti akapanda, dume likatia mbio baharini mpaka Krete. Ndiyo hadithi yenyewe!

Kaisari: Ina maana Ulaya ni mhamiaji?

Profesa: Tena bila pasipoti.

Kaisari: Haiwezekani. Dume lilikuwa la Kirumi, basi. Lilimsindikiza kihalali.

Komredi: Dume lilikuwa bepari! Limebeba mtoto wa watu kwa ahadi tamu, limefika ng'ambo limemkalisha jikoni. Ndivyo walivyomfanya binamu yangu kule Stuttgart!

Wakacheka mpaka Profesa akashikilia kiuno. Cosimo hakucheka. Aliona hasira na aibu pamoja, kwa maana hata yeye alikuwa ameingia kwenye mjadala, na jua linapanda.

Hapo ndipo alipotokea Arben, mmoja wa wale wapaka rangi, chokaa mpaka kwenye kope. Alikuwa amefuata maji ya baridi. Aliwaamkia wazee, akasikiliza kidogo huku akinywa, akauliza kwa upole:

— Samahanini, wazee wangu. Kesho nani anambeba mtakatifu?

Profesa alisafisha miwani iliyokuwa safi. Komredi akatazama kikombe chake kitupu.

Cosimo alisimama.

— Hebu njoo hapa, mwanangu. Simama na mimi. Nyoosha mgongo.

Akajibandika ubavuni mwake, bega kwa bega, akapitisha kiganja juu ya mabega yao kupima kimo.

Kaisari: Cosimo! Kanuni! Na damu yake?

Cosimo: Sitafuti damu, Saverio. Natafuta bega. Assunta hatauona mwaka mwingine, unanisikia? Hatauona!

Hakuna aliyewahi kumsikia Cosimo akilisema hilo kwa sauti. Hata yeye mwenyewe alikuwa hajajisikia.

Kaisari akakohoa. Akamgeukia Arben, sauti imeshuka.

— Mkristo wewe?

— Mkristo, mzee. Mworthodoksi, wa mashariki. Sisi ishara ya msalaba tunaanzia bega la kulia.

Profesa: Ya Kigiriki hiyo! Babu zetu walikuwa wakifanya hivyohivyo hapahapa!

Kaisari: Wewe nyamaza.

Akainuka kwenye benchi kwa kujikongoja, akawazunguka wale wawili mara mbili, kama zamani alivyokuwa akilikagua gari lenye makosa. Akatikisa kichwa.

— Hapana. Hapana kabisa. Cosimo, unamweka huyu mbele na wewe? Atakuvunja shingo! Kwenye kupanda ngazi warefu hukaa nyuma, mtakatifu asije akalala chali. Huyu anakuja nyuma, na mimi. — Akamtazama Arben juu mpaka chini. — Wenzako wa mnarani, wapo warefu kama wewe?

— Wawili warefu, mzee. Mmoja ndiye mfupi.

— Huyo mfupi tumpange na Profesa, wafundishane Kigiriki.

Komredi alimgeukia Cosimo amwambie kwamba sasa wametimia. Cosimo hakuwepo. Alikuwa ameshafika katikati ya kichochoro, anazipanda ngazi mbilimbili na goti lake bovu, akimwita mkewe kwa jina.