Namba Iliyofutwa

Basi la chuo lilikuwa nusu tupu. Wanafunzi wawili waliokaa mbele yangu walikuwa kama wametoka msibani, maana mgombea wao wa urais wa wanafunzi alikuwa ameshindwa.

"Kura zenyewe za mtandaoni, mtu amelala kitandani, bado kubonyeza anaona tabu!" alilalamika msichana mwenye miwani.

"Mimi usinitie humo," alijibu kijana wa mkoba mwekundu. "Mgombea mwenyewe ninalala naye chumba kimoja. Nilimchagua, nikapiga picha ya skrini, nikairusha kwenye kundi letu." Kumbe siku hizi kura ya siri hutangazwa.

"Picha niliiona. Ile namba ya kuthibitisha uliijaza?"

"Namba gani?"

"Si ile iliyoingia kwa ujumbe? Bila hiyo kura haihesabiwi."

Kijana alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. "Nilidhani matapeli, nikaifuta. Tena niliwaonya kundi zima waifute."

"Mungu wangu! Lakini chuo kilitangaza."

"Matangazo ya chuo anasoma nani, dada? Wangetuachia masanduku yetu ya kura!"

"Na foleni ya juani ungepanga wewe?"

Basi liliposimama, mgombea mwenyewe alikuwa kituoni, anabandua mabango yake ukutani. Alimwona kijana dirishani, akaja mbio mpaka mlangoni.

"Shuka, kaka, unisaidie haya," alisema. "Wote wameniangusha, umebaki wewe tu."