Si Kila Mkoromo ni wa Kisu: Dokta Hilda Anastaafu

Tarehe 30 Juni 2025 Dokta Hildegarda Chilongola anatimiza miaka sitini, na siku hiyo hiyo anafunga miaka thelathini na minne ya utumishi katika hospitali yetu hapa Kilosa. Miaka kumi na mmoja ya mwisho amekaimu ukuu wa kitengo cha masikio, pua na koo. Kuthibitishwa, hakuthibitishwa. Yeye husema mgonjwa hasomi kibao cha mlangoni, na anaendelea na kazi. Sisi tuliofanya naye kazi kibao tunakisoma, na hatujasahau.

Ni binti wa wakulima wa Lumuma. Alianza kama muuguzi wa wodi, akajisomesha utabibu kwa mshahara wake mwenyewe. Hakuna aliyemshika mkono.

Miaka ile mtoto akikohoa wiki mbili, hupelekwa kukatwa kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Dokta Hilda alizunguka vijiji akiwakataza kina mama, maana alishapokea watoto waliovuja damu. Baadaye daktari bingwa akaanza kuja kutoka Morogoro kuwapasua wanaokoroma, na mojawapo ya upasuaji wake ni kupunguza kimeo na kukaza kaakaa laini. Wanakijiji wa Kilangali hawakumwachia Dokta Hilda hilo. Bi Mwanakheri, mkunga wa jadi, alimuuliza mbele ya mkutano: kumbe mwanangu ulitunyang'anya kisu ukakitumie mwenyewe? Watu wakaangua kicheko. Dokta Hilda naye alicheka weee, kisha akajibu kwamba tofauti ni nusu kaputi, vifaa safi, na kuchunguza kwanza kama kimeo ndicho chenye kosa.

Hilo la kuchunguza kwanza ndilo kazi yake yote. Mwaka jana alipokea watu 212 wenye tatizo la kukoroma. Waliofika kwenye kisu ni 19. Wengine aliwaambia walale ubavu, wapunguze uzito, waache pombe ya usiku, watibiwe mafua sugu. Kwa hao 19 kila mmoja alikuwa na kasoro yake: huyu ukuta wa kati wa pua umepinda, yule mafindofindo yameziba njia, mwingine kaakaa limelegea. Wala hakumficha mtu kwamba hata baada ya upasuaji mkoromo unaweza kubaki, au ukarudi.

Tutamkumbuka zaidi kwa suala la Kimaren, mhudumu wa kambi ya watalii Mikumi. Usiku mmoja mgeni alitoka hemani peku akipiga kelele kwamba simba yuko nyuma ya hema. Walinzi walipofika na tochi wakamkuta Kimaren amelala zake. Meneja akampa mwezi mmoja: atibu koo au arudi kwenye ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walikwisha kufa kwa ukame.

Alikuja kwenye kliniki yetu ya Mikumi na mkewe Namayiana, akatoa shikamoo, akaomba akatwe kimeo leo leo awahi zamu. Dokta Hilda akamulika kooni. Kimeo hakipo! Kilikatwa utotoni na mwenyewe hana habari. Benchi zima lilicheka, isipokuwa Namayiana. Alipoulizwa usiku anasikia nini, alisema mumewe hukoroma, hunyamaza kabisa, kisha hushtuka kama ndama anayevutwa kutoka kwenye tope. Yeye hukaa macho ampige kiwiko avute pumzi.

Hapo Dokta Hilda aliacha utani. Alimwandikia rufaa ya kwenda Dar es Salaam kupimwa usingizi, halafu akampigia meneja simu. Hakumwomba huruma. Alimweleza kwamba anayekatika pumzi usingizini ni mgonjwa, na kwamba kambi inahitaji mlinzi mwingine wa usiku. Kimaren akilinda usiku atalala mchana, wageni wakiwa mbugani. Meneja akaguna, akakubali. Kazi ikapona kabla ya koo.

Vipimo vya Dar es Salaam vilithibitisha kwamba pumzi hukatika, na chanzo ni mafindofindo makubwa na pua iliyopinda. Vyote vilirekebishwa kwa upasuaji mmoja. Mwezi Machi Namayiana alikuja kutoa ripoti: mkoromo haujaisha, umepungua tu, lakini sasa unakwenda moja kwa moja bila kukatika. Alisema huusikia kidogo, kisha naye anapitiwa na usingizi.

Alhamisi ya kwanza ya Julai kliniki ya Mikumi ina wagonjwa 14 waliokwisha kuandikishwa, na mpaka tunaandika haya hajateuliwa wa kuwapokea. Tunalisema hapa ili lisomwe na wanaohusika.

Dokta Hilda, ahsante kwa pumzi ulizoturudishia majumbani. Nenda Lumuma ukapumzike, mwili uwe na nguvu na shamba likujibu. Maisha yako yawe mema, mama yetu.