Kopo la Chini ya Benchi

Benchi limeegemea ukuta wa nje wa kibanda cha kinyozi, na mguu wake mmoja ulivunjika zamani, ukawekewa tofali. Anayekaa upande wa tofali analikandamiza kwa kisigino, tena ana adabu zake: hainuki kabla hajawaambia wenzake "nainuka, jamani", maana akinyanyuka kimyakimya tofali linateleza, benchi linainama, na kila mtu anaoga kahawa yake. Wakazi wa kudumu ni watatu. Yupo Stoo, aliyekuwa mtunza stoo wa shule mpaka akastaafu, na hadi leo anatembea na kalamu sikioni kama vile kuna madawati yanaingia. Yupo Bomba, fundi wa mabomba ya maji. Yupo Antena, anayetengeneza redio kibanda cha pili na kuziacha zikikoroma kutwa. Kahawa inamiminwa na Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale ila anawasema kama shangazi wa wote. Na kinyozi mwenyewe, mwenye ukuta, zamani alikuwa anakaa katikati. Wiki tatu sasa amehamia upande wa tofali, kwa sababu ndio ulio karibu na uchochoro unaokwenda chooni.

Alhamisi hiyo, asubuhi, kinyozi alitokea uchochoroni akifuta mikono kwenye suruali. Mwezi uliopita suruali hiyo ilikuwa inambana. Sasa ilikuwa imefungwa kwa kamba ya kiatu.

— Dakika kumi na moja, Antena alisema, macho kwenye saa. Jana ulifika kumi na nne. Unashuka, ndugu yangu.

— Usinihesabie, bwana.

— Nisipokuhesabia mimi atakuhesabia nani?

— Na yule uliyemwacha kwenye kiti? Shangazi aliuliza.

— Nimemaliza shavu la kushoto.

— Na la kulia?

— Lina povu. Ngoja nipate pumzi kidogo.

Akakaa, kisigino kwenye tofali. Aliona haya, na hakuificha haya yake. Kinyozi huyu alikuwa na mkono ambao watu waliutembelea kutoka mitaa ya mbali, mkono usiotikisika hata redio zote za Antena zikipiga kelele kwa pamoja. Sasa mkono ulikuwa uleule, ila tumbo lilikuwa linauita katikati ya kazi. Wiki ile peke yake alishawakimbia wateja sita. Wawili walikwenda kumaliziwa kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, yule mwenye kioo kikubwa na mashine inayolia kama nyuki. Hawakurudi.

Lakini hao si waliomkosesha raha. Jumamosi mpwa wake anaoa. Mtoto wa dada yake, ambaye alimnyoa nywele zake za kwanza akiwa amepakatwa na mama yake, akilia mpaka mjomba alipopiga mluzi. Tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine uliowahi kugusa kichwa kile. Jana jioni dada yake alipiga simu, akasema kwa sauti ya upole ambayo ilimchoma kuliko matusi: "Kaka, bwana harusi hawezi kuachwa nusu. Kama huwezi kusimama dakika ishirini, niambie kesho, nimwambie yule wa ng'ambo." Na kesho yenyewe ndiyo ilikuwa leo.

— Dakika ishirini, alisema kwa sauti, bila kumwambia mtu. Naomba dakika ishirini tu.

— Utazipata, Stoo alisema. Sisi tupo.

Akapeleka mkono chini ya benchi, akatoa kopo.

Kopo hili lazima lielezwe. Lilikuwa kopo la rangi ya milango, la kijani, limeoshwa likakaushwa, na ndani yake mlikuwa na duka zima la dawa. Sheria yake ilikuwa moja: ukiumwa, unakwenda kupewa dawa, ukipata nafuu siku ya tatu, zilizobaki unaweka koponi kwa ajili ya wenzako. Hakuna mtu wa benchi lile aliyewahi kumaliza dozi. Kumaliza dozi kulionekana ni uchoyo. Wiki nne zilizopita Stoo alimchagulia kinyozi kapsuli tisa za antibayotiki, akampangia kwa rangi, asubuhi nyekundu, jioni njano, na ya mwisho bluu. Siku ya tano tumbo likaanza. Stoo akamchagulia nyingine za kulituliza, kutoka kopo lilelile, na tumbo likachukia zaidi.

— Tatizo si dawa, Bomba alianza. Tatizo ni raba.

— Raba gani?

— Tumbo ni bomba, mzee, halina siri. Ukimwaga dawa ya kuzibua kwenye sinki, inakula uchafu, sawa. Uchafu ukiisha inaendelea, inakula mpaka raba za viungio. Huyu raba zimekwisha. Kila kinachoingia kinapita moja kwa moja.

— Kwa hiyo afanyeje?

— Afunge maji. Siku mbili asinywe kitu. Presha ishuke, viungio vikauke.

— Utamkausha binadamu kama shati! Shangazi akasema, akamjazia kinyozi kikombe cha maji kwa makusudi.

Kinyozi akayanywa. Antena alikuwa anatikisa kichwa muda wote, kichwa cha mtu anayesubiri wajinga wamalize.

— Ile kapsuli ya asubuhi ilikuwa na rangi mbili, ndiyo au siyo?

— Ndiyo. Nyekundu na nyeusi.

— Ulitanguliza upande gani?

— Upande gani wa nini?

— Wakati wa kumeza! Nyekundu ilitangulia, au nyeusi?

— Antena, nani anaangalia?

— Ndiyo hapo sasa! Antena akapiga goti lake, kahawa ikaruka. Nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi. Umegeuza betri, kaka. Mimi redio za namna hii naletewa kila wiki, mtu ameweka betri kichwa chini, inanguruma tu haisemi kitu. Tumbo lako linanguruma?

— Linanguruma.

— Linasema kitu?

Kinyozi alitaka kujibu kwamba linasema, na tena halisubiri jibu, lakini Stoo alimwahi.

— Achaneni na mambo ya betri, Stoo alisema kwa utulivu wa ofisini. Nyinyi hamkukaa stoo. Hebu tuangalie mzigo ulitoka kwa nani. Kapsuli tisa. Nne ni za mama mkwe wa Bomba.

— Za kidonda cha mguu, Bomba akathibitisha. Ulipona vizuri sana.

— Tatu za Antena.

— Jino hili hapa.

— Moja yangu mimi, ya kifua. Sasa mnaona? Dawa za mguu zimeingia zinatafuta mguu wenye kidonda. Haupo. Za Antena zinatafuta jino. Ya kwangu inatafuta kifua cha mzee wa miaka sitini na tisa. Hazina mwenyeji. Zinazunguka tumboni humo zinaulizana njia, zinapigana vikumbo. Hapo lazima tumbo lichafuke.

Bomba akaitikia kwa kichwa. Hata Antena alikiri kwa uso kwamba hiyo ilikuwa imepangika.

— Umehesabu nane, Shangazi akasema.

— Nini?

— Nne, tatu, moja. Nane. Ya tisa ya nani?

Stoo akatoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha.

— Ya tisa ilikuwepo tu. Ya bluu.

Shangazi akaweka birika chini polepole.

— Ile ya bluu niliweka mimi. Ilibaki.

— Ulikuwa unaumwa, Shangazi? Mbona hukusema?

— Siyo mimi. Kuku.

Bomba akakohoa. Kinyozi akageuka mzimamzima, tofali likalia chini ya kisigino chake.

— Nimekunywa dawa ya kuku?

— Walipona lakini, Shangazi alisema kwa sauti ndogo. Wote isipokuwa mmoja. Jamani, mbona hamumpeleki huyu mtu zahanati? Ni pale tu, nyuma ya kiwanda cha magodoro.

— Zahanati! Stoo akasema, kama aliyetajiwa polisi. Wakampe dawa asizozijua? Hapa tunajuana na dawa zetu. Kinachotakiwa ni moja tu ya kuzipatanisha. Angalia hii, nyeupe, haina hata maandishi. Isiyo na maandishi haina ugomvi na mtu.

Akamnyooshea kidonge kwenye kiganja. Kinyozi alikitazama. Ukweli ni kwamba zahanati aliishaifikiria zaidi ya mara kumi, na mara mbili alifika mpaka getini. Kilichomrudisha ni aibu. Alijua wangemuuliza alimeza nini, naye angejibu nini? Kopo? Akamfikiria dada yake na sauti yake ya upole. Akamwona kinyozi wa ng'ambo akimfunga mpwa wake kitambaa shingoni. Moyo ukamuuma kweli, akanyoosha mkono kuchukua kidonge.

— Samahani, fundi.

Mlangoni alikuwa amesimama yule mteja. Dereva wa lori la vigae, mgeni mtaani, aliyeingia kunyoa wakati wakipakua mzigo wake. Kitambaa bado kilikuwa shingoni. Shavu la kushoto lilikuwa linang'aa, la kulia lilikuwa na povu lililokauka na kupasukapasuka.

— Nimekaa humo nasikiliza, akasema. Sitaki kuingilia ya watu. Nina swali moja tu.

— Uliza, baba, Stoo akasema, akiweka kalamu sawa. Hapa majibu yapo.

— Ulikuwa unaumwa nini?

— Tumbo, wakajibu watatu kwa pamoja.

— Hapana. Kabla ya tumbo. Siku ile ulipoanza kuzimeza hizo dawa. Ulikuwa unaumwa nini?

Redio moja ya Antena ilikoroma, ikanyamaza.

— Si lilikuwa koo? Bomba alisema.

— Koo lilikuwa la kwako, Antena akamwambia. Huyu alikuwa na homa.

— Homa ilikuwa yangu mimi, Stoo akasema. Huyu... huyu tulimpa kwa sababu...

Akamtazama Shangazi. Shangazi akatazama birika. Bomba akaanza kuhesabu kitu kwa vidole, akaacha njiani. Dereva alisubiri kwa subira ya mtu aliyekwisha subiri sana asubuhi hiyo.

Kinyozi peke yake ndiye aliyekumbuka, na kumbukumbu ilimjia taratibu, ikampandisha joto mpaka masikioni. Siku ile alikuwa amefungua poda mpya. Poda ya kupaka shingoni baada ya kunyoa, yenye harufu kali, aliyoletewa na mchuuzi kwa kubembelezwa. Alitoka nje kuja kukaa, nguo zimejaa poda, akapiga chafya. Akapiga ya pili. Kabla ya ya tatu, mkono wa Stoo ulikuwa umeshaingia chini ya benchi. Hakuwa na koo, hakuwa na homa, hakuwa na jino. Hakuwa anaumwa kitu chochote. Kesho yake aliitupa ile poda na chafya zikaisha, na benchi zima likampongeza Stoo.

Alipandwa na hasira, halafu akajionea huruma, halafu akataka kucheka, na vyote vitatu vilimfika wakati mmoja. Akalichukua kopo mapajani mwa Stoo, akasimama.

Hakuaga.

Tofali likateleza. Benchi likainama, Antena akamwangukia Bomba, Bomba akamwangukia Stoo, vikombe vikaenda, na mguu wa Bomba ukalipiga birika la Shangazi likalala ubavu. Kahawa yote ya asubuhi ile ikatafuta njia kwenye vumbi.

— Unakwenda nalo wapi? Stoo alipiga kelele akiwa chini.

— Zahanati. Wakiniuliza nilimeza nini, nawaonyesha.

— Acha kopo, bwana! Na sisi tukiumwa?

— Na mimi? dereva akauliza, akigusa povu.

Kinyozi akamtazama usoni, nusu mtu mzima, nusu mzee wa povu, na kwa mara ya kwanza akamwonea haya mteja kuliko alivyojionea haya mwenyewe.

— Nisamehe, kaka. Ningekumaliza sasa hivi, lakini nikirudi kwenye kazi, zahanati sitafika tena. Najijua.

— Basi twende wote. Chukua wembe na sabuni. Foleni za zahanati nazijua, utanimalizia palepale. Mimi kwa uso huu siwezi kwenda popote bila wewe.

Kinyozi akachukua wembe, sabuni na brashi, akaufunga mlango. Simu akaiweka mfuko wa shati, karibu na sikio, kwa ajili ya dada yake. Angemwambia ukweli, kwamba amekwenda kutibiwa na atampa jibu jioni, na lolote liwalo atakuja na mluzi wake. Dereva akavua kitambaa, akakikung'uta mbele ya benchi kwa nguvu, nywele na unga wa povu kavu vikapaa, wakaondoka.

Walikuwa wamefika kona ya kiwanda cha magodoro waliposikia nyuma yao chafya. Ilikuwa ya Stoo, haikosewi. Ikafuata ya pili. Halafu kimya, kimya cha mkono unaopapasa chini ya benchi.

— Jamani! sauti ikalia. Kopo!

Kinyozi akacheka, mara ya kwanza katika wiki tatu, lakini kwa uangalifu.

— Uliniuliza nilikuwa naumwa nini, akamwambia dereva.

— Enhe. Ulikuwa unaumwa nini?

— Mimi? Nilikuwa mzima.

Akaongeza mwendo, na dereva akalazimika kukimbia.