Picha za Kupima Mwanga

Mwenyekiti, kabla sisi wapiga picha tuinue mikono kuamua kama maharusi wapewe faili za picha zao au waendelee kupata albamu pekee, naomba nisimame. Mnanijua. Mimi ndiye wa kusema, "Nikikupa faili utaziharibu rangi, halafu watu waseme kazi yangu ni mbovu."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, niliwahi kumpa mtu mmoja tu. Mama wa bibi harusi, kule Elburgon. Huyo mathe alikuja studio siku tatu mfululizo, anaketi tu na kikapu chake. "Kijana, binti yangu ameolewa mbali. Nataka zote." Siku ya tatu nikashikwa na hasira, nikamwekea kila kitu kwenye flashi diski bila kuchagua wala kufuta. Nikamwambia, "Haya mathe, chukua, uniache nifanye kazi."

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi na mke wangu. Kabla bibi harusi atoke, yeye ndiye alisimama mahali pake nipime mwanga. Na hakuwa anatulia! Mara atoe ulimi, mara ashike sukumawiki ya jikoni aseme ni maua. Picha hizo nilikuwa nazifuta kila harusi ikiisha. Zetu za maana zilikuwa kwa kompyuta. Tutazichapisha siku moja, nilisema. Mganga hajigangi, jamani.

Aliugua, akatuacha. Binti yetu alikuwa na miaka miwili. Kabla mwaka uishe, umeme ukachoma jengo letu mchana kweupe, kompyuta na diski zote zikaenda. Nilibaki na picha ya kitambulisho chake, ile hata yeye aliichukia.

Hapo nilianguka. Kamera niliifungia kwa sanduku, simu zenu nikaacha kushika. Mtoto akafika miaka mitano, akaniuliza, "Baba, mama alikuwa anacheka aje?" Nikajaribu kumwonyesha kwa mdomo wangu. Nikashindwa, nikatoka nje nikalia.

Nikiwa pale nje ndio nikakumbuka ile flashi ya mathe.

Fikirieni: mimi, mtu wa kunyima watu faili, nikaenda Elburgon kuomba faili, nimeshika mtoto mkono, naogopa mathe atasema ilipotea. Alituangalia, akaitoa kwenye kopo la majani chai, akaichomeka kwa televisheni. Akasema, "Huyu msichana mcheshi mimi humwonyesha kila mgeni. Ni nani yako?"

Jamani! Miaka yote hiyo mimi naomboleza, mke wangu alikuwa anacheka kwa sebule ya watu. Mungu alitumia hasira yangu na uvivu wangu kunihifadhia. Zilikuwa picha kumi na moja. Binti yangu akasogea, akagusa kioo, akasema, "Baba, mwanya wa meno yake ni kama wangu."

Kesho yake nilifungua sanduku.

Asante kwa mathe huyo, alinipokea bila kunikumbusha nilivyomfukuza. Asanteni nyinyi mliokuja kunibishia mlango nikawanyamazia. Funzo langu ni fupi: sisi hatujui ni picha gani mtu atakuja kuililia. Wapeni. Na zile mnaona zimeharibika, msiharakishe kufuta.

Mwenyekiti, mkono wangu ndio huu.